Nilivyomnyima Mwanangu Ziwa

Asalaam aleikum, kina mama wenzangu. Wenye watoto wanaojua kusikiliza wapelekeni uani kwanza, maana leo nnasema ya chumbani, na nikikawia nitakimbia.

Nilijifungulia kwa mama yangu, Makunduchi. Mume wangu ni mpakiaji mizigo bandarini Malindi, kule mjini Unguja, akija Ijumaa tu kumtazama mwanawe. Nyote mnajua, ndani ya arubaini mume husubiri. Wangu alinililia, nikamwonea huruma, nikamridhisha kwa mdomo. Nshasema. Anayetaka kutazama chini atazame.

Haukupita muda, shoga yangu akaniletea habari: mume wako ana mwanamke Kiembe Samaki, na mwanamke huyo anaishi na virusi vya UKIMWI.

Ndugu zangu, nawaambia, nilikufa nikiwa hai. Nikawa nasukutua kwa chumvi na ndimu asubuhi, mchana na jioni, mpaka mdomo ukachubuka. Vile vidonda nikaona ndiyo dalili yenyewe! Nikamwachisha mwanangu ziwa. Mama nikamwambia maziwa yameharibika. Akahangaika na maziwa ya kopo, mtoto akaharisha, akasinyaa, mbavu zikatoka. Siku za mwanzo akilia, maziwa yananichuruzika kifuani, nakwenda kuyakamua uani yakanywewa na mchanga. Nilimwomba Mungu anichukue mimi amwache yeye. Ningemwambia nani? Ningeanzia wapi, mzazi wa arubaini?

Mama ndiye aliyetukokota hadi kituo cha afya. Muuguzi akauliza, "Mbona hanyonyi?" Nikamnong'oneza yote. Hakushtuka. Akaniambia nifungue mdomo, akatazama.

"Unasukutua kwa kitu gani, mwanangu?"

"Chumvi na ndimu, bibi."

"Basi vidonda hivi umejitia mwenyewe. Kwa mdomo hatari ni ndogo sana, lakini mdomo wenye vidonda huiongeza. Ndiyo maana tunapima. Na hata ukikutwa na virusi, dawa zipo, mama anameza na ananyonyesha."

Akanipima, sina. Akaniambia nimnyonyeshe kuanzia siku ile, kisha nirudi baadaye kuhakikisha. Nilirudi na mume wangu, tukapimwa sote, hatuna. Hayo ya Kiembe Samaki tuliyamaliza nyumbani, msiniulize.

Lakini siku ile ya kwanza niliporudi nyumbani, ziwa lilikuwa limeshakauka. Mtoto nikimpa anageuza uso, analia kama namchoma. Hapo ndipo nilipokata tamaa kabisa, maana kosa sasa lilikuwa la khofu yangu, si la ugonjwa. Muuguzi akawa anapita nyumbani kunionesha namna ya kumweka kifuani, mama akinipikia uji wa pilipili manga. Siku mtoto aliposhika ziwa nikamsikia anameza, nililia mpaka mama akadhani naumwa.

Namshukuru yule muuguzi, hakunicheka. Namshukuru mama yangu, ambaye mpaka leo hajaniuliza lolote. Nanyi nakuombeni, ukiingiwa na khofu kama yangu, nenda ukaulize siku hiyo hiyo, hata kama uso utawaka kwa haya. Mimi niliona haya, na mwanangu ndiye aliyeshinda njaa.

Nisameheni, huyo anaamka. Nipisheni nimnyonyeshe.