Tawi la Miiba Getini

Wapendwa wa jumuiya yetu, mzee wa kanisa amenipa dakika tano, na mnavyonijua, nitazimaliza zote. Wengi mnanifahamu kwa kambi yangu ya watalii pale Karatu. Niliondoka hapa Mbulumbulu na begi moja, nikafanya kazi mahotelini Uarabuni miaka tisa, nikarudi na stashahada niliyoisomea kwa jasho langu. Sikubebwa na mtu. Nasema haya mjue nilivyokuwa: mtu aliyejitengeneza mwenyewe ni shida kumwamini mwingine.

Binti yangu wa pili alizaliwa mzima, lakini hata miezi minne haijafika, utando mweupe ukawa haumtoki mdomoni, na nimonia ikawa inaondoka na kurudi. Nikaanza kuwachunguza watu. Nani alimbeba? Nani alimsifia kwamba amenenepa? Hata mama yangu mzazi nilimtazama vibaya. Kumbe mtoto alizaliwa bila kinga ya mwili. Ndivyo madaktari walivyotuambia. Tiba yake ilikuwa kupandikizwa chembe za uboho za mtu anayelingana naye, na dada yake alilingana. Tukaenda India, tukakaa miezi mitano.

Siku ya kuruhusiwa, daktari akasema, "Chembe za dada yake zimeshika. Lakini kinga yake sasa ni kama askari walio mafunzoni. Asichanganyike na watu mpaka vipimo vionyeshe wamehitimu. Inaweza kuchukua mwaka, au zaidi."

"Mbona hukusema mapema?"

"Nilisema mara tatu. Ulikuwa unakagua kama sindano ni mpya."

Tukafikia kwa mama yangu, mbali na vumbi la magari ya watalii. Sasa sikilizeni. Wiki nzima hakuna jirani aliyeingia. Walisalimia kwa sauti kutoka barabarani, wakaacha kuni na mahindi kando ya geti, wakaondoka bila kunipa mkono. Na pale getini palilazwa tawi la miiba. Ndugu zangu, nawaambia damu ilinichemka! Sisi Wairaqw tunaijua metimani: nyumba inatengwa, watu wake hawachangamani na wenzao mpaka unajisi uishe. Nikasema, kumbe wanatuona najisi! Mtoto wangu, aliyepelekwa kwa ndege kutibiwa!

Nikamuuliza mama, "Nani ameweka hili tawi?"

"Mimi."

"Umeniaibisha kijiji kizima!"

"Aibu gani? Daktari wako alisema watu wakae mbali. Nikiwaambia habari za askari wa mwilini watanicheka. Nikiweka tawi, hakuna anayevuka."

"Mama, huo ni ushamba. Mimi nina stashahada."

"Basi iambie stashahada yako imchemshie mtoto maziwa," akasema, akarudi jikoni.

Sikumwamini. Niliona kuna jambo ananificha. Jumamosi nikaliburuta lile tawi nikalitupa, nikachinja mbuzi wawili, nikaita wageni kutoka Karatu, watu wa maana. Mke wangu alinikataza, sikusikia. Nikasimama getini kukagua mikono. Bibi mmoja jirani, aliyekuwa akituletea kuni, nilimrudisha mbele za watu kwa sababu mikono yake ilikuwa na udongo. Lakini mwenzangu wa biashara, aliyevaa suti na kunukia vizuri, nilimpa mtoto apige naye picha. Alikuwa anakohoa.

"Vumbi la barabara tu, bosi," akasema. Nikaiamini suti.

Siku ya nne mtoto akaanza kuhangaika kupumua. Hospitali ya rufaa walimweka kwenye oksijeni. Daktari akauliza nani alikuwa karibu naye. Nikaanza kumtaja mama, nikataja majirani. Mke wangu akanikatiza: "Mwambie sherehe. Mwambie nani alifungua geti."

Nikamtaja yule wa suti. Majirani niliowashuku walikuwa wamekaa nje ya geti, na mama niliyemshuku ndiye aliyelifunga. Aliyeleta ugonjwa ndani ni mimi.

Tulikaa pale siku kumi na moja, kisha Mungu akatupa nafuu. Tuliporudi nililitafuta lile tawi kwenye majani, nikalirudisha mwenyewe, miiba ikanichoma. Mama akaniletea maji ya kunawa. Likakaa pale zaidi ya mwaka. Kila kipimo nilikitilia shaka. Hata cha mwisho niliomba kirudiwe. Kikarudiwa. Askari wamehitimu, ndugu zangu! Ataanza chanjo zake upya kama mtoto mchanga.

Nawashukuru madaktari, mke wangu, na binti yangu mkubwa aliyempa mdogo wake uboho. Nawashukuru ninyi mliosalimia kutoka barabarani. Bibi wa kuni, nilikurudisha mbele za watu, na mbele za watu nakuomba radhi. Na mzazi mwenye mtoto kama wangu, nakwambia: usione haya kufunga geti, na usimfungulie mtu kwa sababu ya nguo zake.

Jana mama aliliondoa tawi kwa mkono wake. Binti yangu yuko pale benchi la tatu, leo ndiyo mara yake ya kwanza kanisani. Njooni mumsalimie. Isipokuwa wewe uliyekohoa sasa hivi pale nyuma. Wewe mpungie mkono hukohuko uliko. Nimekuona.