Ma Albina na Namba ya Duka la Dawa

Wasifu wa Albina Kokushubila Rutashobya (1969–2025), uliosomwa kwa niaba ya familia, Kamachumu, Jumamosi tarehe 22 Machi 2025

Mzee Jovitus Lwekamwa na mkewe, Ma Speratha, walimpata binti yao wa tatu tarehe 14 Agosti 1969, hapa hapa Kamachumu, wakamwita Albina Kokushubila. Wakubwa wake husimulia kwamba mdogo wake alipozaliwa, Albina, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajua kuongea, alimvuta jirani kwa khanga akamwomba aje amchukue yule mtoto, kwa kuwa hapa nyumbani nafasi imejaa. Tangu mwanzo alikuwa mtu wa kupenda sana, na alichokipenda hakupenda kugawana.

Alisoma Shule ya Msingi Rutenge kuanzia mwaka 1977 hadi 1983, kisha akajiunga na sekondari mjini Bukoba, alikomaliza kidato cha nne mwaka 1987. Alipenda hesabu. Walimu wake walimsifu kwa kumbukumbu, maana namba ikimwingia kichwani haikutoka tena.

Tarehe 28 Novemba 1992 alifunga ndoa takatifu na Bwana Kasmir Rutashobya, wakajaliwa watoto wawili, Samwel na Flavia. Walianza na meza ya nguo sokoni Bukoba, wakahamia Kariakoo, na mwaka 2008 marehemu akasafiri kwa mara ya kwanza kwenda Guangzhou, China. Tangu 2011 yeye na mumewe waliishi huko, katika mtaa wa Sanyuanli, wakinunua mikoba katika viwanda vya Shiling, nje kidogo ya jiji, na kuisafirisha kuja nyumbani.

Ni huko Sanyuanli ndiko alikopata jina ambalo wengi wenu mnalijua zaidi, Mama wa Dawa, na familia inaomba ieleze lilikotoka.

Chini ya jengo walilopanga kulikuwa na duka la dawa. Mwenye uanachama pale aliuziwa kwa bei nafuu na kupata pointi, na pointi zikitosha ziligeuka kuponi za punguzo. Lakini ili uwe mwanachama sharti uwe na namba ya simu ya Kichina, na wafanyabiashara wetu wanaokwenda kwa majuma machache, hasa nyakati za maonyesho makubwa ya biashara ya Pazhou, hawakuwa nayo. Ma Albina akawapa ya kwake. Mgeni alifundishwa kuitamka kwa Kichina kabla hajafungua begi. Kwa wengi hicho ndicho kilikuwa Kichina chao cha kwanza, wakakijua hata kabla ya "meiyou", neno ambalo wauza duka wa huko humjibia mteja kwamba kitu hakipo. Mgeni alipata nafuu ya bei, na pointi zilimwendea Ma Albina. Kila duka lilipotangaza siku ya wanachama, siku ya zawadi, alipanga foleni pamoja na mabibi wa Kichina, akarudi na trei ya mayai ya zawadi na mfuko wa dawa za kuponi. Dawa hizo alizigawa bure.

Faida kubwa kwake, hata hivyo, haikuwa mayai. Kila mtu alipotaja namba ile pale kaunta, simu ya Ma Albina ililia na kumwonyesha kilichonunuliwa. Ikilia dawa ya kikohozi, alijua kifua cha nani. Ikilia dawa ya homa, alikuwa mlangoni kwa mgonjwa na bakuli la uji kabla mgonjwa hajamaliza kupanda ngazi. Kuwa wa kwanza kujua nani anaumwa ndiko kulikokuwa cheo chake, na hakuwa tayari kukaa kiti kimoja na mtu.

Mwaka 2016 alimpokea Bi Kissa Mwakalinga, mfanyabiashara kijana kutoka Tukuyu, akamlaza kwake na kumfundisha namba kama wengine. Kissa alipopata namba yake mwenyewe, naye akajiandikisha palepale dukani. Alikuwa mcheshi, na vijana wakaanza kutaja ya kwake. Binti wa kaunta, ambaye kwa miaka alimwita Ma Albina peke yake laobanniang, yaani mama mwenye mali, akaanza kumwita hivyo na Kissa. Tangu hapo Ma Albina alipokutana na mtu kwenye ngazi hakuuliza habari za asubuhi. Aliuliza, "Umetaja ya nani?"

Lililomchoma zaidi lilitokea siku ya wanachama, mwezi Mei 2021. Alikuwa kwenye foleni ya mayai, akamwona mumewe mbele, hajui kama mkewe yuko nyuma. Binti wa kaunta aliuliza namba, na Bwana Kasmir akaitaja ya Kissa, moja kwa moja, bila kukwama popote. Ma Albina alimwita kwa jina lake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Samwel azaliwe.

"Kasmir. Yangu nilikufundisha mpaka nikachoka. Hiyo umeishika lini?"

Bwana Kasmir alisukumia mfukoni pakiti aliyonunua. Vilikuwa vidonge vya presha. Alikuwa anavitumia kwa muda mrefu, na kwa kuwa alijua vikinunuliwa kwa namba ya mkewe simu ingemwambia, alimwomba Kissa amwazime ya kwake. Alitaka kumwondolea mkewe hofu. Hakufikiri kwamba kwa kufanya hivyo alikuwa anampa mwanamke mwingine habari ya mwili wake kabla ya mke wake.

Kissa alipanda ngazi jioni ile kuomba radhi. Alisema shemeji ndiye aliyemsihi anyamaze, na yeye alinyamaza kwa heshima.

"Kwa hiyo presha ya mume wangu ilikuwa inalia kwenye simu yako," Ma Albina alisema, "na wewe unanisalimia kila siku, 'Dada, hamjambo huko ndani?'"

Mumewe alisamehewa, kwa masharti anayoyajua Bwana Kasmir mwenyewe. Kissa hakusamehewa. Ma Albina alikwenda kununua hata bandeji mtaa wa mbali, mahali asipopata pointi wala nafuu, ili asisikie ile namba nyingine ikitajwa. Wageni wapya aliwafuata uwanja wa ndege, awawahi. Kissa akipika maandazi, Ma Albina alipika mengi zaidi. Alikuwa na wivu, wala hakuficha. Alikuwa akisema moto usio na wivu hauivishi maharage.

Mwezi Agosti 2024 miguu yake ilianza kuvimba, na usiku alikosa pumzi. Hospitalini aliambiwa moyo umechoka. Alikwenda na cheti cha daktari katika lile duka la chini, kwa mara ya kwanza tangu ugomvi. Binti wa kaunta alimkumbuka, akaanza kuandika namba yake bila kuuliza. Ma Albina alimzuia kwa mkono, kisha akaitamka namba ya Kissa, tarakimu kwa tarakimu. Aliijua yote. Alikuwa ameisikia mara moja tu, kwenye foleni.

Kissa alikuwa Shiling akikagua mikoba kiwandani simu yake ilipolia: vidonge vya moyo, na pakiti ya pipi za tangawizi. Pipi zile pale mtaani alizila mtu mmoja tu. Aliacha mzigo, akapanda basi, na jua lilikuwa halijazama alipofika mlangoni na bakuli la uji wa ulezi.

"Dada, nani anaumwa?"

"Si simu yako imekwambia?"

Akampisha aingie. Alionja uji akasema umekosa sukari, akaunywa wote. Kisha akamwomba Kissa amfiche Kasmir kwanza, kwa sababu ya presha yake. Kissa alikataa.

"Nilishanyamaza mara moja nikakukosa, dada. Safari hii utamwambia mwenyewe, nikiwa nimekaa hapahapa."

Bwana Kasmir aliporudi, akaambiwa.

Marehemu aliuguzwa na mumewe, na Flavia aliyesafiri kutoka Dar es Salaam, na Kissa, ambaye aliruhusiwa kuleta uji lakini si kuingia jikoni. Februari 2025 alilazwa. Siku moja alimwita Kissa karibu na kitanda.

"Nikiondoka, Kasmir atataja namba ya nani?"

"Ya kwako, dada. Na sisi wote."

"Ikilia, nani atasikia?"

"Nitaibeba simu mimi."

"Ibebe," alisema. "Ila usimpikie."

Alifariki Jumapili tarehe 9 Machi 2025, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Bi Kissa amesafiri na jeneza kutoka Guangzhou, na simu iko mkobani mwake, haijazimwa. Jana mchana, kaburi hili likichimbwa, ililia. Huko Sanyuanli mtu alikuwa amenunua dawa ya homa kwa namba ya Ma Albina. Kissa alisogea pembeni ya waombolezaji akapiga simu kuuliza ni nani anaumwa, na nani atampelekea uji.

Marehemu ameacha mume, Bwana Kasmir; watoto wawili, Samwel na Flavia; wajukuu watatu; dada na kaka; na Bi Kissa Mwakalinga, ambaye marehemu aliagiza atajwe, ila wa mwisho.

Bwana ampokee Ma Albina na ampe amani, apumzike bila kusikilizia simu. Anayesikiliza yupo.