Breki za Hewa Tupu

Mbele ya gereji kuna benchi lenye miguu mitatu na tofali, na sheria yake ni moja: mwenye wasiwasi hukaa katikati, na wenzake hawanyanyuki mpaka kahawa iishe. Asubuhi hiyo katikati alikaa Fundi Breki, simu gotini. Binti yake, huko mbali anakofanya kazi, alikuwa anaongoza, akiwa ardhini, chombo cha angani kisicho na watu. Mafuta ya chombo hayakutosha kubadili njia, kwa hiyo yeye na wenzake walikuwa wanakishusha kikwaruze ukingo wa hewa ya sayari. Kikiwa humo mawasiliano hukatika. Kikitoka, angempigia baba.

— Kusimamisha kitu kwa hewa! alisema Kinyozi. Wewe na breki zako umemfundisha nini mtoto?

— Hakisimami, kinapungua mwendo, alisema Fundi Breki. Ukitoa mkono nje ya basi linalokimbia, si unasukumwa nyuma? Ukipinda kiganja, mkono unapanda au unakwenda pembeni. Ndivyo kinavyogeuka.

— Mimi nilitoa mkono hivyo, alisema Bwana Redio, fundi wa redio. Saa yangu mpaka leo siijui iliko.

— Na kikizama mno? aliuliza Kinyozi.

Fundi Breki aliifuta simu kwenye suruali.

— Kinaungua.

Kinyozi akajua mdomo wake umegusa pabaya.

— Hakiungui! Kule juu ni baridi tupu. Warefu wote ninaowanyoa wana mafua.

— Tena wangekifungia mapezi, alidakia Bwana Redio.

— Mapezi ya nini? Wakipake sabuni, kiteleze!

Fundi Breki akacheka bila kutaka. Shangazi, muuza kahawa, akawajazia vikombe. Fundi akaonja. Maji ya moto matupu. Akamtazama Shangazi, Shangazi akatazama barabara. Kumbe kahawa ilikwisha zamani.

— Leo imekolea, alisema Kinyozi, akipuliza kikombe.

— Chungu kweli kweli, Bwana Redio akaitikia, uso kaukunja.

Dereva mmoja mgeni, aliyeleta gari, akapokea kikombe chake, akapiga funda.

— Jamani, mbona haya ni maji?

Kila mtu alikodolea macho simu iliyo gotini kwa Fundi.

Simu ikatetemeka, Fundi akaipokea.

— Baba? Kimetoka. Kimeshika njia yake.

Fundi Breki akaibana simu sikioni.

— Umekunywa chai, mama?

— Bado, baba.

— Kunywa kwanza.

Akakata simu, akamnyooshea Shangazi kikombe.

— Hebu niongeze kahawa hiyo.