Fundi Subiri Anaweka Bisibisi Mezani

Ijumaa tarehe 28 Novemba, saa kumi jioni, Fundi Subiri anastaafu baada ya miaka thelathini na moja katika karakana yetu ya kompyuta. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Tulimpa sisi, maana kila tulipoivamia mashine ya mtu kwa pupa, mama huyu alisema neno moja tu: subiri.

Alianza mwaka 1994 akipokea wateja na kufuta vumbi. Miaka miwili baadaye alikuwa akifungua mashine zilizowashinda mafundi waliojiona wameiva. Siri yake ilikuwa daftari. Kompyuta ikizima ghafla nyumbani, mteja aliagizwa anakili namba za kosa zinazotokea kioo kikigeuka bluu, aandike na saa, na alichokuwa akifanya. Tulimcheka, jamani! Leo madaftari yamefika kumi na tisa.

Sisi wengine tuna ugonjwa wetu, na mimi ninayeandika haya ndiye mgonjwa mkuu. Unaitwa kupiga windo. Kompyuta ikileta jeuri, unafuta kila kitu na kuweka mfumo upya. Fundi Subiri alisema huko ni kumnyoa nywele mtu anayeumwa jino.

Miaka tisa iliyopita, mwalimu mmoja alituletea kompyuta yake ya nyumbani kwa mara ya tatu. Kwetu ilifanya kazi kutwa nzima bila neno. Kwake, dakika ishirini tu, kioo kinageuka bluu na mashine inazima. Nikamwambia nitapiga windo upya, akakubali vizuri tu. Nikachomeka flashi. Kidole kilikuwa juu ya kitufe Fundi Subiri alipopita, akasema subiri, akamuuliza Mwalimu ndani kuna nini.

Loo! Kulikuwa na kamusi ya lugha ya bibi yake, kazi ya miaka sita, na nakala nyingine hakuna popote. Mwalimu alidhani kupiga windo ni kusafisha kioo. Mimi nililowa jasho, na flashi yangu ikanyang'anywa hapo hapo.

Fundi alitoa kwanza nakala ya kamusi, ndipo akafungua daftari. Mara tatu, namba tatu tofauti. Alitueleza kwamba programu mbovu mara nyingi hurudia kosa lile lile, lakini hii ilibadilisha kosa na kushika muda ule ule, kwa hiyo huenda inachemka. Akaifuata mpaka nyumbani. Sebuleni akaikuta imefunikwa gubigubi kwa kitambaa cha kufuma, zawadi ya mkwe, ambacho Mwalimu alikivua na kukikunja kila alipoileta kwetu. Matundu ya hewa yote yalikuwa yamezibwa. Maskini mashine, ilivalishwa sweta!

Mwalimu aliogopa kumuudhi mkwewe. Fundi akakitandika kitambaa chini ya kibodi, mkwe akafurahi, na kompyuta haikuzima tena. Kamusi ilichapishwa. Ipo mapokezi, na wateja huifungua wakisubiri zamu.

Mama huyu amefundisha mafundi kumi na mmoja, na leo hapa kwetu hakuna anayefuta chochote kabla ya kuuliza ndani kuna nini. Jumatatu iliyopita alinikabidhi madaftari yote kumi na tisa. Juu yake, imefungwa kwa mpira, ilikuwa ile flashi yangu. Nililia mbele ya wateja, na sioni haya kusema.

Fundi wetu, asante kwa kila ulichotuzuia kufanya. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana, na wajukuu wasiokuletea kompyuta mbovu kila Jumapili. Ijumaa ukishika kitasa cha mlango, utatusikia sote kumi na mmoja uliotufundisha tukikuita kwa neno lako mwenyewe. Subiri, mama. Hatujamaliza kukupigia makofi.