Bwana Kavu na Mstari Uliopanda

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, kifungua mimba wa mzamiaji na mshona nyavu. Alisoma shule ya msingi iliyopakana na soko la samaki, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1986 akahitimu shahada ya takwimu.

Aliajiriwa na idara ya uvuvi, kazi yake ikiwa kulinganisha mavuno ya jongoo bahari ya nchi yetu na ya majirani. Jongoo akikaushwa hubaki mwepesi kama gome, kwa hiyo kila takwimu iliyofika mezani kwake aliiuliza swali lile lile: "Kavu au mbichi?" Wenzake wakambandika jina: Bwana Kavu.

Mwaka 1992 alimwoa mwalimu wa chekechea. Mkunga aliposema mtoto wao wa kwanza ana kilo tatu, baba mtu akauliza, "Kabla ya kufutwa au baada?" Mkewe akadakia kutoka kitandani, "We baba, huyu si jongoo!"

Mwaka 2009 idara ilianza kupima mbichi, kimyakimya, huku majirani wakiendelea kupima kavu. Mstari wetu kwenye mchoro wa kulinganisha mavuno ukapaa. Tukatangaziwa kwamba tumewapita. Marehemu alimwambia mkuu wake, "Bosi, hapa tumepima maji."

Mkuu akacheka. "Basi maji yetu yana baraka, mzee."

Alikataa kutia saini takwimu hizo, akahamishiwa stoo ya nyavu chakavu. Kwa kuwa mchoro ulionyesha jongoo tele, vibali vya kuzamia vikagawiwa kama njugu. Maji ya kina kifupi yakakombwa, wazamiaji wakafuata vilindi, na mdogo wake marehemu akaibuka huko haraka mno, akiwa amepooza miguu kwa ugonjwa wa wazamiaji. Ndiye huyu aliyekaa mbele yenu kwenye kiti cha magurudumu.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2019. Wiki ya mwisho muuguzi alimpima uzito, akasita kuutaja. Marehemu akamwambia, "Andika tu, binti yangu. Hiyo ndiyo kavu." Alifariki tarehe 2 Juni 2023.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wawili na mdogo wake. Idara imeleta shada kubwa la maua, tumelipokea. Lakini mchoro ule bado umetundikwa pale mapokezi, na mstari bado unapanda. Wauteremshe kwanza, ndipo tutaamini kwamba nao wamefiwa.

Lala salama, Bwana Kavu. Swali lako tutaendelea kuliuliza.