Bibi Mapigo na Dakika Zake Kumi

Na ndiyo maana nasisitiza, hata mhariri wa jarida letu akikata nusu ya maneno haya: anayestaafu tarehe tisa, baada ya miaka thelathini na mmoja, ndiye mtu pekee katika jengo hili aliyewahi kuishinda kompyuta.

Ni muuguzi wetu wa vipimo, Bibi Mapigo. Yeye hupima mapigo na presha, mimi karani huingiza namba, na kompyuta huchora moyo unavyodunda na damu inavyozunguka mwilini. Wataalamu wetu, Mungu awazidishie shahada, huutazama mchoro huo kwa mahaba. Mwenye moyo wenyewe hawamtazami.

Lifti iliharibika zamani na sisi tuko ghorofa ya nne. Kwa hiyo Bibi humkalisha kila mtu dakika kumi, viatu pembeni, simu imezimwa, ndipo apime. Mabwana wakubwa walipita na vikombe vyao vya chai wakicheka: "Bibi, unapima watu au unawalaza?" Naye: "Mwili umeshapanda ngazi, baba. Nangoja moyo nao ufike."

Mwaka jana, Bibi akiwa likizo, alikuja dereva wa lori kupimwa kwa ajili ya kazi yake. Mtaalamu mmoja, msomi kweli kweli, alimpima chapuchapu, amesimama, mbele ya meza yangu. Kompyuta ikatangaza kwamba moyo wake unasukuma damu kwa nguvu ya hatari hata ukiwa umepumzika. Umepumzika wapi? Hakuna aliyeuliza. Mchoro ulikuwa na rangi nzuri mno! Barua ya kumnyang'anya usukani ikachapwa siku hiyohiyo.

Kesho yake Bibi alirudi, akamkuta dereva amekuja kuichukua. Aliisoma, akamtazama dereva, akanitazama mimi.

"Wewe binti, toka nje. Funga mlango."

Baada ya dakika kumi, mapigo sitini na nane. Akaniita ndani: mia moja na kumi na mbili! Aliandika namba zote mbili, na kwenye nafasi ya sababu akaandika: karani.

Msomi wetu alilalamika kwamba kompyuta haina mahali pa kuweka jambo kama hilo. Masikini, hata yeye hana. Barua ikachanwa.

Dereva yule ni mume wangu, wiki ya tatu sasa. Mume wangu! Naliandika neno hili polepole ili lisiishe haraka.

Wakubwa wamemtengenezea Bibi cheti chenye picha ya moyo wa kompyuta, na miaka yake wameikosea.

Asante, Bibi wetu. Ukae kwa raha, moyo wako usikimbizwe na yeyote. Kabla mwezi haujaisha tutakuja kwako sote wawili. Umpime tena mume wangu. Mimi nitangoja nje dakika kumi, halafu unifungulie.