Mtu wa Vigingi

Ndugu na jamaa, marehemu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1956, kitindamimba wa fundi cherehani na mkunga. Alisoma shule ya msingi nyuma ya stesheni ya reli, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1980 akahitimu chuo cha mifugo na malisho. Walimu wake walisema haamini kitu mpaka akichimbe.

Mwaka uliofuata alipelekwa kwenye malisho ya pwani kuchunguza nyasi za jangwani, zile ngumu ambazo mizizi yake hujivika mchanga kama soksi. Vitabu vilidai zinapenda chumvi. Yeye alitia shaka. Alipigilia vigingi, akachimba, akaonja udongo kwa ulimi, akagundua kuwa zinastawi pale tu mchanga ulipo laini na wenye kina, chumvi imeoshwa na mvua, na maji matamu hayako mbali chini.

Wafugaji nao walimtilia shaka yeye. Kwao kigingi kilikuwa na maana moja: ardhi inakwenda. Aliyeongoza kuving'oa alikuwa mzee mwenye mbuzi wengi, ambaye baadaye alikuja kuwa baba mkwe wake.

"Mtu mzima anaramba udongo," alisema, "halafu mniambie hana lake jambo?"

Kijana alipokwenda kumposa binti wa mzee huyo, watu walitegemea atafukuzwa. Mzee akakubali siku hiyo hiyo. Ndoa ilifungwa tarehe 14 Agosti 1984, na kabla binti hajaondoka baba yake alimvuta pembeni.

"Kaishi naye vizuri, mwanangu. Ila kila ukija kutusalimia, uniambie anapima nini na anampelekea nani."

Binti alitii. Miaka nenda rudi alileta habari ile ile: "Anachimba, baba. Anaonja. Anarudi kula." Mzee hakuridhika. Hata wajukuu walipozaliwa, aliendelea kumwita baba yao "yule wa vigingi".

Mwaka jana marehemu aliugua figo. Haya yanayofuata tunayasoma kwa sauti tu. Kwenye ratiba ya mazishi hamtayaona, maana karatasi hutembea hadi kwa wasiohusika, na waliopita getini leo tumewaangalia mmoja mmoja. Wanaume wawili wenye viatu vya kung'aa walifika wodini na matunda. Walitaka kujua wachimbe visima wapi kule malishoni, kisha wazungushie uzio.

"Kule? Chumvi tupu," marehemu aliwajibu. "Mtapoteza muda wenu."

Mke wake, aliyekuwa akimenya chungwa, hakuinua macho. Kabla ya siku hiyo hakuwahi kumsikia akisema uongo kuhusu udongo. Alimpelekea baba yake habari hiyo, na mzee akamtaka airudie. Kisha akaomba fimbo yake, akaenda wodini peke yake. Waliyozungumza hatuyajui.

Marehemu alifariki tarehe 3 mwezi huu, mchana. Ameacha mke, mabinti wawili, mtoto wa kiume mmoja na wajukuu wanne. Wazazi wake walitangulia zamani, lakini ratiba inamtaja baba. Huyo ni mzee wa mbuzi. Jana, kwa kuwa hamwamini mchapaji, alikwenda kwake mwenyewe, akasimama pale mpaka "baba mkwe" ikarekebishwa kuwa "baba".

Apumzike, na mtu asimsumbue.